Masika ya Kugonga Meza

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo mchana, na mimi nimenunua daftari. Kurasa mia mbili, jalada la kijani. Mara ya mwisho kuandika shajara nilikuwa msichana, na ile niliiandika makusudi ili dada yangu aiibe na kuisoma. Hii haisomwi na mtu.

Nianze na aibu, initoke. Mimi ni msoma prufu, karatasi za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kusoma kila ukurasa kabla haujashuka mtamboni na kuyang'oa makosa. Ijumaa iliyopita fundi mtambo alipanda ngazi na bango la huduma ya kwanza, wino bado mbichi. Akalitandaza mezani kwangu, akaweka kidole.

"Mama, hebu nisomee hapa."

Nikasoma: *Aliyeungua apakwe mafuta.*

Ilitakiwa iwe *asipakwe*. Silabi moja imedondoka, "si", herufi mbili tu, na bango zima likageuka ushauri wa kumchoma mtu mara ya pili. Yalikwisha kuchapwa elfu mbili. Fundi mtambo mwenyewe aliungua mkono mwaka juzi, akajipaka mafuta, daktari akamgombeza kama mtoto. Ndiyo maana jicho lake lilikwama pale. Mabango yote yamekatwakatwa, hakuna hata moja lililotoka nje. Lakini chini ya prufu ile pameandikwa "nimesoma, ni sahihi", na saini ni yangu.

Jioni nilifungua simu nikahesabu. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi, bango lile likiwa mbele yangu, nilituma jumbe thelathini na moja. Kumi na tisa zilihusu rangi ya mapambo ya sherehe ya mtu ambaye sikumbuki tumejuana wapi.

Jumanne, 12 Machi

Bosi ameniita. Ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, na laiti angepandisha. Amenionyesha furushi la muswada: Mwongozo wa Mkunga, kurasa mia nne na kumi na mbili. Kozi ya wakunga inafunguliwa mwisho wa Mei, kwa hiyo kitabu kiwe mtamboni tarehe ishirini Mei.

"Nani atakisoma?" nikauliza.

"Wewe. Hapa hakuna anayesoma kama wewe, ukisoma."

Hilo "ukisoma" lilinipata barabara.

"Ila ukipitisha kosa la namna ile," akasema, "usisubiri nikuite. Acha ufunguo mapokezi, uende."

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoka kwenye makundi yote ya simu. Ishirini na matatu. La ukoo, la ukoo bila wazee, la niliosoma nao, la majirani, la majirani wa mtaa niliohama, kamati sita za sherehe, na moja linaitwa "Tukumbushane" ambalo hakuna aliyewahi kumkumbusha mwenzake kitu. Katika yote nilikuwa katibu, au mtunza orodha, au yule anayeamka mapema kuwapongeza watu. Kwenye ukoo wananiita Bi Hongera. Mtu akizaa, akifaulu, akihama nyumba, hata akinyoa ndevu, hongera yangu inatangulia.

Niliandika ujumbe mmoja nikausahihisha mara nne: "Ndugu na marafiki, najiondoa kwenye makundi na kamati zote mpaka masika yaishe. Siumwi, sijagombana na mtu. Mwenye jambo la haraka anipigie." Kisha nikafuta kila kitu kwenye simu, nikabakiza kupiga na kupokea.

Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tano na anajua kila kitu, alinitazama kama mtu anayemwona mama yake akipanda juu ya paa.

"Mama, utaweza?"

"Nitaweza."

"Haya. Tutaona."

Dada hajapiga. Dada hapendi kupata habari zangu pamoja na watu wengine.

Jumatatu, 18 Machi

Tumeanza. Bosi ameniruhusu nifanye kazi kwa njia ya zamani, ya watu wawili: mmoja anasoma muswada kwa sauti, nukta na koma zote, mwingine anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Wa kunisomea ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tunamwita Mwalimu tu. Tumetumia korido moja miaka mitatu, nami nilimwona mzee mkavu, wa kusalimia na kupita.

Nilimweleza habari ya bango. Akafikiri, akavua miwani. "Basi mwanangu, tufanye hivi. Kila penye ukanushi, si au ha au kuto, nitagonga meza. Mgongo wa kidole, mara moja. Nikigonga na wewe huna kitu kwenye karatasi, tunasimama."

Kwa hiyo leo tumesoma hivi, tangu saa mbili asubuhi: "Kitovu cha mtoto kisipakwe," ngo, "kitu chochote koma wala kisifungwe," ngo, "kwa kitambaa kilichotumika nukta aya mpya." Mhasibu wa chumba cha pili amekuja mara mbili kuuliza nani anabisha hodi.

Kurasa kumi na nne. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Kidole gumba kinatafuta kazi. Kwenye foleni ya mkate kilikuwa kinasugua ufunguo wa nyumba juu chini, juu chini, peke yake.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Kurasa kumi na tatu. Nimeanza kusikia koma watu wanapozungumza.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimejua jambo ambalo singependa kulijua. Nilimwuliza binti yangu, kama mtu asiyejali, wamesemaje kwenye ukoo tangu niondoke. Akapekua simu yake.

"Juzi kuna mtu kafaulu mtihani wa udereva. Hongera sitini na mbili."

"Na mimi?"

"Kuna mtu kauliza, 'Bi Hongera wapi leo?' Mwingine kajibu, 'Yupo.'"

Siku tisa! Siku tisa nimeondoka kwa ujumbe uliosahihishwa mara nne, na watu wanasema yupo. Miaka sita nimejiona nguzo ya nyumba, kumbe nilikuwa pambo la ukutani. Iliniuma, sitaki kujidanganya. Lakini nilipokuwa naosha vyombo uchungu ule ukaanza kugeuka kitu kingine, nikajikuta nacheka peke yangu. Kama hawajanihitaji siku tisa, basi hakuna ninachowanyima. Naweza kukaa hapa nikasugua sufuria mpaka ing'ae, na dunia ikaenda.

Jumanne, 2 Aprili

Sasa wamegundua, na wamekuja na sababu. Binti ameniletea tatu. Kwanza, nina kisukari. Pili, nimepata mchumba asiyependa watu. Tatu, nimeingia dhehebu linalokataza simu. Alitaka nichague moja awajibu.

"Waambie nasoma."

"Mama, hilo hawataliamini."

Ukurasa wa mia na hamsini. Nimezoea ngo za Mwalimu kiasi kwamba zisipokuja kwa muda nainua kichwa. Na nimegundua mzee huyu ana utani. Leo alifika kwenye sentensi "Baba asiingilie kazi ya mkunga," akagonga mara tatu. Nikamwambia ukanushi ni mmoja. Akasema, "Najua. Hizo mbili ni za kwangu; nina watoto watano."

Jumamosi, 6 Aprili

Dada amekuja.

Alikuja na mvua yake, mwavuli umepinduka, viatu mkononi, akaanza kusema kabla mlango haujafunguka. Dada anauza vitambaa vya mapazia kwenye duka la watu, na sauti yake imezoea kuvuka duka zima. Ananizidi miaka minne. Hajawahi kunipigia hodi.

"Nani amekuudhi?"

"Hakuna."

"Ni mimi?"

"Dada, hakuna aliyeniudhi. Nilikwama kazini. Nimeharibu." Nikamweleza bango, na kitabu, na ufunguo wa mapokezi. Alisikiliza huku akijikausha nywele kwa taulo la jikoni.

"Pole. Lakini kazi ni mchana. Jioni je? Jumapili je?"

"Jioni nataka nikae."

"Ukae ufanye nini?"

"Nikae tu."

Alinitazama kama niliyesema nataka kula mchanga. Kisha akatoa lililomleta. Tarehe kumi na moja Mei anatimiza miaka hamsini, na sherehe itakuwa ya watu mia na ishirini. Ameunda kamati. Katibu ni mimi, mshereheshaji ni mimi, mpiga simu kwa wageni ni mimi. "Wiki tano tu. Nimeshawaambia."

Tangu utoto sijawahi kumkatalia Dada kitu na kikakatalika. Nikaona sentensi za kitabu cha wakunga, kitovu kisipakwe, mama asipewe, kondo la nyuma lisivutwe, kurasa mia mbili na arobaini zilizobaki.

"Sitakuwa katibu, Dada. Wala mshereheshaji. Nitakuja kama mgeni, nikae meza ya nyuma, nile, nikukumbatie."

"Kama mgeni."

"Ndiyo."

"Kwenye hamsini yangu mimi." Akavaa viatu vyake vilivyolowa, polepole, kimoja baada ya kingine. "Basi usije kabisa. Wageni ninao."

Akaondoka bila mwavuli. Nilimfuata nao hadi kwenye ngazi, akakataa kuupokea.

Jumapili, 7 Aprili

Sikulala vizuri. Sijabadili nia.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeanguka, niandike. Jana mchana binti aliacha simu yake mezani akaenda kuoga. Nikasema niangalie kidogo tu kama Dada ameandika kitu. Nilikaa dakika arobaini. Niliona picha za sare ya kamati, niliona ubishi kuhusu keki, niliona mtu kaandika "watu wengine wakipata kazi ya maana wanasahau walikotoka" na mikono ya kupiga makofi thelathini chini yake. Binti akatoka bafuni akanikuta.

Hakunisimanga. Alichukua simu yake tu, akaweka mfukoni, akasema, "Mama, na mimi ukiniona hivi unajisikiaje?"

Leo Mwalimu amegonga mara mbili mfululizo nami nikaendelea kusogeza kalamu. Akasimama. "Mwanangu, hapa nimegonga." Nikaangalia. Kwenye karatasi hapakuwa na koma wala nukta ninayoikumbuka; nilikuwa nabishana na mtu wa makofi kichwani. Tukarudi nyuma kurasa kumi na moja, tukasoma upya zote. Kulikuwa na makosa mawili nimeyapita, moja la kipimo cha dawa.

Dakika arobaini za jana zimenilia asubuhi nzima ya leo. Sihitaji mtu wa kunihubiria. Nimemwomba binti asiache simu mezani, akakubali, akaongeza la kwake: wakati wa kula, yake nayo itakaa chumbani.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kubwa. Bati linapiga kelele mpaka hatuwezi kusikilizana, tumekaa tu mimi na binti na bakuli la karanga. Saa nzima. Raha.

Jumatatu, 22 Aprili

Ukurasa wa mia mbili na sitini. Niliwahi kutoka, nikarudi kwa miguu kupitia nyuma ya karakana za useremala. Miaka yote nimepita njia ile nikitazama kiganja changu. Kuna seremala anayepuliza vumbi la mbao kwenye kila kiungo kabla ya kuigusa gundi, fuu, kama anayepoza uji wa mtoto. Nilisimama nikamtazama akipuliza viungo vinne. Hakuna niliyemwambia, na wala sikuona haja.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Kurasa tano tu. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 4 Mei

Nilimpigia Dada. Hakupokea. Nikampigia tena, akapokea akasema yuko kwenye kikao, akakata. Ilikuwa sauti yake ya dukani, ile ya kumwambia mteja kitambaa kimekwisha.

Nimekuwa nikijiambia kwamba Dada anapenda kelele, basi. Leo nikiwa nakunja nguo nimekumbuka nyumba yake. Mume yuko kazini mbali, anakuja mara mbili kwa mwaka. Watoto wamehama wote wawili. Vyumba vinne, na televisheni mbili zinazowashwa tangu asubuhi. Sikuwahi kujiuliza anaziwashia nani.

Jumamosi, 11 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe, hamsini ya Dada. Nilivaa. Niandike ukweli: nilivaa gauni la bluu, nikafunga kilemba, nikakaa kitandani na mkoba magotini, saa nane mpaka saa tisa na nusu. Aliniambia nisije, na mtu anayesema "usije kabisa" mara nyingine anamaanisha njoo. Nimefanya kazi na ukanushi msimu mzima, lakini huo sikuweza kuusoma. Mwisho nikaona nikienda, nitaingia pale kila jicho ligeuke, na siku yake itakuwa habari yangu. Nikavua gauni. Nikamtuma binti amkabidhi Dada zawadi mkononi: kitambaa cha meza nilichokitarizi jioni za mwezi wote huu, majani ya kijani pembe nne. Kazi ya mikono yangu ya kwanza tangu nimalize shule.

Binti amerudi jioni. "Watu walijaa. Mama Mkubwa alipendeza."

"Kitambaa alikionaje?"

"Alikiangalia sana. Akakirudisha kwenye karatasi yake. Hakukichanganya na zawadi nyingine."

"Alifurahi?"

Binti alifikiri. "Alikuwa anazunguka. Hakukaa chini hata mara moja."

Jumanne, 14 Mei

Balaa. Mwalimu amekuja na mafua, kufika saa nne sauti yote imekwenda. Amejaribu kunong'ona. Amejaribu kugonga tu. Imebidi nimrudishe nyumbani kwa nguvu. Zimebaki kurasa tisini na sita, sura yote ya mama baada ya kujifungua. Ni sehemu ambayo wakunga waliirekebisha kwa mkono pembezoni na mpangaji kurasa akaichapa upya, yaani shamba lenyewe la makosa. Na zimebaki siku tatu tu za kazi.

Bosi alisema, "Soma peke yako."

Nikasema, "Hapana. Peke yangu ndiko lilikotokea bango."

"Basi tafuta mtu. Anayesoma haraka, anayesikika, asiyechoka kusema."

Ni mmoja tu ninayemjua.

Nilizunguka simu ile kama kuku anayezunguka nyoka. Nimemkatalia mambo yake, nimekosa hamsini yake, halafu nimpigie kumwomba anisaidie ya kwangu? Nilipiga.

"Dada, nina shida."

Nikasikia televisheni zote mbili.

"Shida gani?"

"Nahitaji mtu wa kunisomea kwa sauti siku tatu, kutwa nzima. Sina mwingine ninayeweza kumwamini."

"Kwa hiyo mnapotaka mtu wa kupayuka ndipo ninapokumbukwa."

"Ndiyo," nikasema, maana ilikuwa kweli.

Akavuta pumzi ndefu. "Saa ngapi?"

Ijumaa, 17 Mei

Tumemaliza. Lazima niandike leo leo.

Jumatano Dada aliingia ofisini kwangu na chupa ya chai na sura ya mtu aliyekuja kufanya kazi tu. Hakunitazama. Nilimweleza koma, nukta, aya mpya, na kugonga. Nusu saa ya kwanza alisoma kwa hasira, anagonga meza kama anataka kuivunja. Kisha kitabu kikamkamata. "Mama apewe maji ya kutosha koma... hee! Mimi walininyima! ...koma na chakula chepesi nukta." Nikamwambia hee haimo kwenye muswada. Akasema basi ingefaa iwemo. Kufika mchana mhasibu alikuja mlangoni, safari hii hakuuliza kitu, alivuta kiti akasikiliza habari za maziwa ya mwanzo.

Anasoma vizuri kuliko Mwalimu, na haraka mara mbili. Haruki kitu, kwa sababu kila sentensi anaibishia.

Jana alasiri, ukurasa wa mia tatu na sabini na moja. Mvua ilikuwa imekatika na chumba kimetulia. Dada akasoma: "Katika saa mbili za mwanzo koma mama aliyejifungua asiachwe," ngo, "peke yake nukta."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya neno. *Aachwe peke yake.*

"Rudia."

"Asiachwe." Ngo.

Silabi ile ile. Ingepita, ingechapwa, ingefungwa kwenye jalada gumu, na mkunga fulani mwenye haraka angemfunika mama mtu na kutoka chumbani kwa sababu kitabu kimesema. Nikaiandika pembezoni kwa wino mwekundu, kubwa, nikaizungushia mara mbili. Nikamgeuzia Dada karatasi aone.

Hakusoma sentensi iliyofuata.

"Unakumbuka nilipojifungua yule wa kwanza?" akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake miaka mingi, ya chini. "Ulikuwa na miaka ishirini. Walikufukuza wodini mara tatu, ukarudi mara tatu. Uliniimbia vibaya mpaka nikatamani kuzaa tena nikukimbie."

"Nakumbuka."

"Jumamosi nilikuwa na watu mia na ishirini. Nikazunguka meza zote. Nikajiona nimeachwa kama jiwe." Akaanza kulia, na Dada akilia anakasirika. "Ungekuja hata bila kusema kitu! Ungekaa huko nyuma!"

"Uliniambia nisije kabisa."

"Na wewe lini umeanza kunisikiliza?"

Nilizunguka meza nikamshika. Nikamwambia nilivaa gauni la bluu, nikakaa kitandani saa moja na nusu. Nikamwomba radhi. Nilidhani namwachia watu, kumbe nilikuwa namwacha yeye. Nikamwambia na hili, maana bila hili ningekuwa namdanganya: siwezi kurudi nilivyokuwa. Nilikuwa nampa hongera kila mtu na simwoni mtu. Yeye mwenyewe, dada yangu wa damu, nimejua jinsi nyumba yake ilivyo tupu nilipotoka kwenye kundi lake.

Alijifuta uso kwa ncha ya prufu. Nikamnyang'anya. Tukaendelea: "Mtoto awekwe kifuani mwa mama koma ngozi kwa ngozi nukta."

Jumatatu, 20 Mei

Nimetia saini. Kitabu kimeshuka mtamboni saa tatu asubuhi. Fundi mtambo amenionyesha karatasi ya kwanza kwa mbali, kidole gumba juu.

Bosi alipita mezani. "Ukurasa wa mia tatu na sabini na moja," akasema, "nimeuona." Akaondoka. Kwa Bosi huo ni wimbo wa sifa.

Jumatatu, 27 Mei

Jua siku ya nne. Mwalimu amepona, sauti imerudi na ukali kidogo. Kuna muswada mpya, wa usalama wa umeme majumbani. Tumeanza.

Alhamisi, 30 Mei

Dada amekuja leo baada ya kazi. Ardhi imekauka, watoto wa jirani wanacheza mpira uani, hakuna wingu. Akavua viatu, akajitupa kwenye kochi, hakukawia.

"Masika yamekwisha."

"Yamekwisha."

"Uliwaandikia watu mpaka masika yaishe. Wananiuliza mimi. Unarudi lini?"

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu, nimeyapanga kwa aya. Nikayaacha.

"Sirudi, Dada."

Nilingoja kelele. Alitazama dari. Akatazama miguu yake. "Hata la ukoo?"

"Hata la ukoo. Kwako nitakuja kila Alhamisi, au uje wewe. Mtu akifiwa nitakwenda kwa miguu yangu, akizaa nitakwenda. Kwenye makundi sirudi. Nimekaa vizuri, Dada. Sijawahi kukaa vizuri hivi."

"Kichwa kigumu," akasema. "Ulikuwa hivyo tangu unatambaa." Lakini hakuvaa viatu. Nikamletea chai, tukanywa. Binti akapita, akamsalimu, akaingia jikoni. Tulikaa. Dada alijikaza bila simu kama robo saa, nampongeza kwa hilo, kisha akatoa simu yake akaanza kusogeza kidole. Mara akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

"Ona hii! Ona alichofanya binamu yako!" Akaninyooshea simu usoni.

Nikaisukuma taratibu, sikuitazama.

"Nisimulie."

"Si uone mwenyewe, ni video!"

"Nisimulie wewe."

Akanitazama. Akaitazama simu. Akavuta pumzi ya mtu anayeanza jambo refu, akakaa ukingoni mwa kochi. "Sasa sikiliza. Unalijua lile lango lao la chuma, lile la kusukuma..." Na ikambidi aiweke simu chini, maana Dada hawezi kusimulia bila mikono yote miwili.